Nyonga ya Daud Billow

Daud Billow alikuwa na sifa moja ambayo hata mahasidi wake walimkubalia: alijua kusoma mwendo wa mnyama. Ng'ombe akipitishwa mbele yake langoni mwa soko la Ikutha, hakutazama pembe wala nundu, alitazama kwato zinavyokanyaga. "Huyu bega lake la kushoto lina neno," angesema, na mwenye ng'ombe angeapa kwa jina la mamake kwamba mnyama ni mzima kama chuma. Haukupita muda habari zikaja kwamba dume limelala chini haliamki. Ndiyo maana, mwaka ule wa tisini na tatu, nyonga yake ya kulia ilipoanza kumsumbua, kilichomkera kuliko maumivu yenyewe ni kwamba watu walianza kuutazama mwendo wake.

Ubaya ulitoka kwa dume moja la Mutomo. Walikuwa wakilipandisha kwenye lori, likashtuka, likamgandamiza Daud kwenye ubavu wa gari hadi pumzi ikamkatika. Hakuvunjika. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akacheka na wenzake. Lakini tangu siku ile kitu kikawa kinamtafuna ndani ya kinena, polepole, kama mchwa ndani ya mwimo wa mlango. Mwanzo alichechemea asubuhi tu. Baadaye akachechemea mchana kutwa. Kuvaa soksi kukawa kazi ya mkewe.

Mshirika wake wa biashara alikuwa Mutunga, Mkamba wa papo hapo Ikutha, mwanamume mnene, mwepesi wa ulimi, aliyejua kila boma na kila mgogoro wa kila boma. Walifanya kazi pamoja tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Mutunga alileta mifugo, Daud aliichambua, kisha lori likaondoka kwenda kuuza mjini Salama kwenye barabara kuu au Nunguni kule milimani. Daud alikuwa amekuja kutoka upande wa Garissa akiwa kijana mwenye mbuzi wachache na lugha mbovu. Alijenga Ikutha, akaoa, akazaa, akazika mtoto pale pale. Hata hivyo palipotokea msukosuko, ni yeye aliyeulizwa kipande chake cha utambulisho na askari, si Mutunga. Alijifunza kuishi kwa adabu ya mgeni: usikope ovyo, usigombane sokoni, na juu ya yote usiwe kichekesho. Mwenyeji akichekwa, kesho wamesahau. Mgeni akichekwa, jina limemganda.

Mkewe, Ubah, ndiye aliyesikia habari za daktari wa mifupa aliyekuja kwenye hospitali ya misheni upande wa Kitui. "Baba Nadifa," alimwambia huku amechuchumaa akimfunga kamba za viatu, "wanasema anachoma sindano ndani ya kiungo chenyewe, watu wanatembea. Twende."

"Nani huyo?"

"Anaitwa Daktari Kasyoka."

Hakumwambia kwamba Kasyoka ni mwanamke. Hilo Daud alilijua alipokuwa ameshakaa kitini mbele yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Alimlaza Daud kitandani, akaushika mguu wake, akaukunja, akauzungusha ndani na nje, macho yake yakiwa usoni pa mgonjwa na si mguuni. Daud alipokunja uso, daktari aliacha.

"Mzee, umewahi kuchomwa sindano hapa?"

"Mara moja, kule Mutomo. Haikusaidia kitu."

"Labda haikufika." Alivuta kiti akakaa karibu, akaanza kueleza bila haraka. "Goti liko juu juu, ukibonyeza unalipata. Nyonga imejificha. Kabla hujaifikia kuna nyama, kuna mshipa mkubwa wa damu, kuna neva ya mguu. Anayechoma bila kuona anabahatisha. Anaweza kumwaga dawa yote kwenye nyama, mgonjwa arudi nyumbani akidhani ametibiwa."

"Na wewe unaonaje ndani?" aliuliza Ubah.

"Kwa mashine ya altrasaundi. Inapeleka sauti ambayo sikio halisikii. Ile sauti ikigonga mfupa inarudi, na ikirudi inachora picha. Nikiingiza sindano, naiona ikishuka mpaka pale ninapotaka ifike." Aliashiria nje kwa kidole. "Ila iko katika wodi ya akina mama. Ililetwa kwa ajili ya wajawazito, na mimi wananiazima Jumanne alasiri tu. Itabidi mzee akae kwenye foleni yao."

Daud alimtazama mkewe. Ubah alikuwa anatazama dirishani, amekaza taya.

"Tutakaa," alisema Ubah.

Basi walikaa. Benchi lilikuwa refu, limepakwa rangi ya samawati, na juu yake walikuwa wanawake wenye matumbo ya kila umri, wengine wakifuma, wengine wakila njugu. Daud akiwa na kofia yake, ndevu zilizopakwa hina na fimbo ya kuchungia, alikaa ukingoni kabisa. Hakujua aweke wapi macho. Alikuwa bado anayatafutia mahali pa kuyatua aliposikia sauti aijuayo.

"Aiya! Shemeji! Hata wewe?"

Alikuwa Ndinda, mke wa Mutunga, mimba yake ya uzeeni imesimama mbele yake kama kibuyu. Benchi zima lilicheka. Halikuwa cheko baya. Mama mmoja alimsogelea akampa njugu. Ubah naye alicheka, akasema, "Mficha uchi hazai," na wanawake wakacheka zaidi, wakapigana vikumbo. Daud alitabasamu kwa meno tu. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Ndani, mhudumu wa kiume alimfunika kwa shuka kila mahali isipokuwa kipande cha ngozi juu ya paja. Daktari akampaka kitu baridi kinachoteleza, akaweka juu yake kichwa cha mashine, na kwenye kioo kikatokea giza lenye mawingu ya kijivu.

"Tazama, mzee. Ule mstari mweupe uliopinda ni kichwa cha mfupa wako. Hapa ndipo kinapoingia kwenye nyonga. Na hiki cheusi juu yake ni maji. Hayatakiwi kuwa mengi hivi. Ndiyo yanayokuuma."

Daud alitazama. Aibu ilimtoka kwa muda. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukisia yaliyo ndani kwa kutazama ya nje, na sasa ndani kwenyewe kulikuwa mbele yake, mfupa wake mwenyewe ukimeremeta kama ukingo wa kilima chenye mbalamwezi. Daktari alipomwambia asogeze mguu, mstari mweupe ulisogea.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ndogo.

"Leo sikuchomi," alisema Kasyoka. "Nitatoa damu kwanza nipime, na utapigwa picha ya eksirei. Dawa hii inatuliza uvimbe, lakini ukiiweka mahali penye vijidudu, umevipikia karamu. Majibu yakiwa mazuri, Jumanne ijayo tunamaliza kazi."

Njiani kurudi nyumbani Daud alizungumza kuliko ilivyo kawaida yake. Alimweleza Ubah juu ya ule mstari mweupe na yale maji meusi. Alisema Jumanne atakwenda na mbuzi ampelekee daktari. Ubah alimsikiliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alilala bila kuisikiliza pumzi ya mumewe ikikatika kila anapojigeuza.

Siku ya soko Daud alifika Ikutha na fimbo yake mapema. Vumbi lilikuwa limeshapanda, mbuzi wanalia, madalali wamejipanga kwenye ua wa miti. Mutunga alikuwa amesimama katikati ya wanaume, mikono kiunoni. Alipomwona mshirika wake anachechemea kuelekea kwake, uso wake wote ulifunguka kwa furaha.

"Jamani, mpisheni, mpisheni! Mzee asikanyagwe, ana mimba changa!"

Watu waligeuka, wakisubiri kuelezwa. Mutunga akawaeleza. Mke wake amemkuta Daud kwenye foleni ya wajawazito, tena wa mwisho kwenye benchi, anakula njugu. Amepakwa mafuta, amewekwa kwenye mashine. "Nimeuliza kama ni mapacha, daktari amekataa kusema!"

Soko liliangua kicheko. Wachuuzi wa kamba walicheka, mwanamke wa chai alicheka hadi akaweka birika chini. Mnunuzi kutoka Nunguni, mtu mzito ambaye Daud alikuwa akimheshimu na kuheshimiwa naye, alifuta machozi. "Na sisi tutamwita nani sasa? Mama Nadifa wako wawili!"

Daud alicheka pamoja nao. Alicheka kwa sauti, akapigapiga tumbo lake, kwa sababu alijua kuwa asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi. Kisha akageukia mbuzi mmoja akamshika taya kutazama meno. Alikosea umri wa yule mbuzi. Hakuna aliyegundua ila yeye.

Mzaha haukufa siku ile. Kwenye lori, kijana wa kufunga turubai alimwambia dereva aendeshe taratibu kwa ajili ya hali ya mzee. Kwenye duka la Abdallah, lililo jirani na msikiti, mtu alimuuliza kama anatamani udongo. Yalikuwa maneno madogo, na yeyote angeyapangusa kama jasho. Lakini kila neno lilimrudisha Daud kwenye lile benchi la samawati, na kila aliporudi, benchi lilikuwa refu zaidi.

Jumanne ilipofika, Ubah alitaka kumsindikiza.

"Kaa nyumbani," alimwambia. "Njia naijua."

Alipanda lori la mbuzi lililokuwa linakwenda Salama. Hakupita Kitui hata kidogo.

Salama palikuwa na Kiilu. Kila dereva wa barabara ile alimjua. Alikuwa mhudumu wa afya jeshini zamani, na sasa alikuwa na chumba nyuma ya duka la dawa, na foleni ya watu wa kila namna wenye magoti na mabega mabovu. Hakuwa mtu mwovu. Alinawa mikono, alichemsha vyombo vyake, aliwasikiliza wagonjwa. Magoti mengi aliyatuliza kweli. Foleni yake ilikuwa ya wanaume: madereva, wachimba mawe, polisi mmoja. Daud alipokaa kati yao alihisi mabega yake yakilegea.

"Nyonga?" Kiilu alibonyeza kwa kidole gumba, akafumba macho kama anayesikiliza. "Hapa. Nimeipata."

"Daktari mmoja aliniambia nyonga iko ndani sana. Kwamba bila mashine huwezi kujua umefika."

Kiilu alifungua macho. Alicheka kidogo, bila chuki. "Mashine ni za watoto wa siku hizi. Mkono wangu una macho, mzee."

"Hunipimi damu kwanza?"

"Kwani unaumwa damu?"

Sindano iliingia, ikazama, ikagonga kitu, akahisi moto hadi kwenye goti. "Imefika?" aliuliza kwa meno yaliyobanwa. "Imefika," alisema Kiilu, na wote wawili hawakuwa na namna ya kujua.

Kilichompoteza Daud ni kwamba alipata nafuu. Dawa hata ikimwagika nyamani, mwili huinywa na kutulia kwa muda. Siku chache zilizofuata alitembea wima, akavaa soksi mwenyewe. Ubah alipiga vigelegele jikoni. "Daktari Kasyoka Mungu ampe maisha," alisema. "Umempelekea yule mbuzi?"

"Nimempelekea," alisema Daud.

Sokoni alikwenda bila fimbo. Mutunga alimtazama mguu kisha uso, akasema, "Mimba imetoka?" na Daud akajibu papo hapo, "Nimejifungua salama, bwana, mtoto ni wa kiume, amefanana na wewe." Watu walimpigia makofi. Alijisikia amerudi mahali pake. Hata alijiuliza alikuwa anaogopa nini.

Maumivu yalirudi kabla mwezi haujaandama. Naye akamwambia Ubah anakwenda kwa Kasyoka, akarudi Salama. Safari hii chumba cha Kiilu kilikuwa kimefurika, watu wamesimama hadi nje, na Kiilu alikuwa anavuta dawa kutoka kwenye chupa moja kubwa aliyoitobolea wengi asubuhi ile, mfuniko wake wa mpira umejaa matundu. Daud aliiona ile chupa. Mtu anayeangalia kwato za ng'ombe hakosi kuona chupa. Aliiona, na akafungua mkanda wa suruali.

Homa ilimkuta Nunguni, akiwa anashusha mbuzi. Baridi ya milimani alidhani ndiyo inayomtetemesha. Aliomba chai, akashindwa kushika kikombe. Mguu ulikataa kunyooka, ukakataa kukunjwa, na lori lilipomrudisha Ikutha kila shimo la barabara lilimtoa yowe. Mnunuzi yule mzito ndiye aliyempakata kichwa njia nzima. Hakuna aliyesema neno la mzaha.

Ubah alimwona anashushwa kwenye gari kama gunia. Hakulia. Aliingia ndani, akatwaa shuka na mtandio, akaagiza lori ligeuke palepale liende Kitui.

Walipofika hospitali, Daktari Kasyoka alikuja mwenyewe, mbio, koti halijafungwa. Ubah alimkabili mlangoni. Yalikuwa yamemjaa tangu Ikutha, na sasa yalipasuka.

"Sindano yako imemuua mume wangu! Tulikuamini! Nimekuombea dua kila swala, na wewe umemtia sumu ndani ya mfupa!"

Kasyoka alisimama. Manesi wawili waligeuka kutazama. "Mama," alisema, "mimi sijamchoma mume wako sindano yoyote."

"Usinidanganye! Umemchoma mara mbili!"

"Hakurudi. Nilimsubiri Jumanne ile, na Jumanne iliyofuata nikamwekea nafasi tena. Hakurudi."

Ubah aligeuka polepole kumtazama Daud juu ya machela. Daud alikuwa na homa, midomo imekauka, lakini akili haikuwa imemtoka. Alitamani ingemtoka. Macho yao yalikutana, naye akayaondoa ya kwake akayaelekeza ukutani.

"Ni nani aliyekuchoma?" aliuliza Ubah. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Kiilu. Wa Salama."

"Kwa nini?"

Ingawa baadaye Daud alimwambia mara nyingi, kwa maneno ya kila aina, swali lile la pale mlangoni halikupata jibu lake pale mlangoni, na Ubah hakuliuliza tena.

Machela ilisukumwa kwenda wodi ya akina mama, kwa sababu mashine ilikuwa huko. Foleni ilikuwa kama ile ya kwanza, matumbo na njugu. Wanawake walipoiona machela na uso wa mtu aliye juu yake, walisimama wote bila kuambiwa, wakajibana ukutani kumpisha. Mmoja alimfuta jasho kwa kona ya leso yake alipokuwa anapitishwa. Daud alifumba macho. Wakati ule angetoa kila mnyama wake ili wamcheke.

Kwenye kioo, mstari mweupe haukuwa tena laini. Pale palipokuwa na maji meusi palikuwa na kitu kizito, chenye mawingu, kinachotembea taratibu. Kasyoka alishusha sindano, na safari hii Daud aliiona, uzi mwembamba unaong'aa ukipita kando ya mshipa wa damu bila kuugusa, ukaingia kwenye lile wingu kama unavyoingia ufunguo kwenye kufuli yake. Kilichovutwa kilikuwa usaha.

Walimpasua siku ile ile, na mara nyingine baada yake. Wiki nyingi alilala ubavu mmoja akiunusa mwili wake mwenyewe. Usaha ulikuwa umeshakula gegedu yote inayotenganisha mifupa, na mfupa uliobaki ukajishikiza kwenye mfupa mwenzake. Hatimaye homa iliisha na mguu ukawa mfupi, mkavu, wa kipande kimoja kutoka kiunoni hadi gotini. Haukuuma tena. Haukupinda tena.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Kasyoka alikuja kukaa kitandani kwake. Daud alitegemea kukaripiwa, na angepokea. Lakini daktari alikuwa amechoka tu.

"Ile damu uliyonitoa mara ya kwanza," Daud aliuliza, "majibu yalisemaje?"

"Yalikuwa mazuri. Nyonga yako ilikuwa na uvimbe wa kuumia tu. Dawa nilishaiweka tayari." Akainuka. "Samahani, mzee. Umeniuliza."

Ikutha, Mutunga alimpokea na debe la asali. Alilia machozi ya kweli, akamkumbatia, akasema biashara iko salama, yeye ataishika, Daud apumzike tu. Ndinda alileta mtoto wake mchanga amtazame. Wote walikuwa wapole. Sokoni, Daud alipoanza kujikongoja na magongo, watu walimpisha, wakamletea kigoda ambacho hakuweza kukikalia kwa sababu nyonga haikunjiki. Alisimama ameegemea ua. Mifugo ilipita. Aliona kila kilema cha kila mnyama kama zamani, lakini madalali walikuwa wamezoea kufanya bila yeye, na aliposema, "Huyo ana kwato mbovu," walimjibu, "Ndiyo, mzee," wakaendelea kupatana.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua fupi, Mutunga alianza kushika bega. Alilalamika usiku halali, mkono hauinuki kuvaa shati. Akapotea siku mbili. Aliporudi ilikuwa siku ya soko, naye alikuja amenyanyua mkono wote juu hewani kama mwanasiasa.

"Jamani! Nimetoka kwa Kasyoka! Ile mashine, jamani!"

Wanaume walimzunguka. Daud, kwenye ua wake, alisikia kila neno.

"Nimekaa kwenye benchi na akina mama, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wameniuliza, baba, una miezi mingapi? Nimewaambia, mimi nimepitisha tarehe!" Kicheko kililipuka. "Nimelala pale, nimepakwa ute, nimeona sindano kwa macho yangu inaingia begani, kama sinema! Nimetoka hapo natembea hivi!" Akazungusha mkono, watu wakashangilia, na mwanamke wa chai akasema sasa soko lina baba mjamzito. Mutunga aliinama kama msanii anayeshukuru watu. Neno lilimpitia kama maji juu ya bata.

Watu walipotawanyika, Daud alimwita. Mutunga alikuja, mkono bado unacheza kwa furaha.

"Walikucheka?" Daud aliuliza.

"Sana! Nusura nife mwenyewe kwa kicheko."

"Na wewe hukuona haya?"

"Haya ya nini, ndugu yangu? Bega ni langu."

Daud aliusogeza mguu wake mkavu kwa mikono, kama mtu anayehamisha gogo. "Nilipokwenda mimi, uliniita mjamzito. Hapa hapa. Mbele ya watu wote. Neno lile ndilo lililonipeleka Salama."

Mutunga alimtazama. Alikunja uso, akatafuta, ilionekana kweli anatafuta. "Neno gani?"

"Ulisema wanipishe, nina mimba changa."

"Mimi?" Alitikisa kichwa taratibu. "Sikumbuki, Daud. Naapa sikumbuki. Lakini hata kama nilisema, ule si ulikuwa mzaha? Na wewe si ulicheka?"

"Nilicheka."

"Basi!" Mutunga alifungua viganja. Halafu uso ukambadilika, akaona kitu ambacho hakutaka kukiona, akakikwepa kwa hasira. "Kwa hiyo mguu wako ni mimi? Mtu mzima, una mke, una watoto, unaacha dawa kwa sababu ya maneno ya sokoni? Nani hachekwi hapa? Hata chifu anachekwa!"

Hata chifu. Daud aliufungua mdomo amweleze: kwamba chifu amezaliwa pale, na Mutunga amezaliwa pale, na kwao kicheko cha watu wao ni mkono begani, lakini kwa mtu aliyekuja na mbuzi wachache kutoka mbali ni mkono unaoonyesha njia ya kutoka. Aliyatafuta maneno kwa lugha yake na kwa lugha ya watu. Kisha akamwona yule mnunuzi wa Nunguni aliyempakata kichwa njia nzima, anapita na kumpungia, na hoja yake yote ikamvunjikia mkononi. Labda lile kosa halikuwa la Mutunga. Labda pale palikuwa kwao siku zote, na yeye pekee ndiye aliyekuwa hajui.

"Nenda kafanye kazi," alisema.

Walivunja ushirika wao bila kelele kabla mwaka haujaisha. Ubah ndiye aliyepanda lori badala yake. Alijifunza kuchambua mbuzi, akawa mzuri, na wanunuzi wakamzoea haraka. Jioni alirudi na vumbi na habari, akampakulia mumewe chakula, akamfunga na kumfungua viatu kama alivyomfunga kabla ya yote haya. Hakumlaumu hata siku moja. Daud alikuwa anasubiri lawama kama mtu wa nyika anavyosubiri wingu, na haikunyesha.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa swala. Kusujudu hakuweza, kukaa chini hakuweza. Alisimama nyuma kabisa, ameegemea ukuta, akiinamisha kichwa tu wakati wenzake wote wamelala kifudifudi mbele yake. Hata kiti cha kawaida kilimkataa, kwa sababu mguu ulibaki umenyooka mbele ukimwangusha.

Ijumaa moja alifika akakuta kiti kimewekwa mahali pake. Kilikuwa kirefu, cha mti mgumu, ubao wa kukalia umekatwa mteremko upande wa kulia ili mguu usiokunjika ushuke bila kumsukuma, na mikono ya kiti imelainishwa kwa msasa. Kilimfaa kama kilichopimwa mwilini mwake.

"Kimetoka wapi?" alimuuliza Abdallah mwenye duka.

"Mutunga amekileta. Alisimama siku ya soko nyuma yako akikupima kwa kamba, hukumwona. Amesema usiambiwe."

Adhana ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanajipanga, mabega kwa mabega. Daud alisimama kando ya kile kiti, magongo kwapani, akaapa moyoni kwamba hatakikalia. Imamu akainua mikono. Katika rakaa ya kwanza alisimama, na mguu wake mzima ukaanza kutetemeka. Wenzake walipokwenda kusujudu, akakaa.